Neno na Wenziwe: Maneno ya Kawaida ya Kiingereza katika Taaluma Mbalimbali

Msomaji wa Kiswahili anayefungua kitabu cha Kiingereza cha fizikia, cha sheria au cha uhasibu hutarajia kukwazwa na istilahi ndefu zenye asili ya Kilatini au Kigiriki, kama vile "photosynthesis" au "jurisprudence". Istilahi za namna hiyo kwa kawaida hazimsumbui kwa muda mrefu, kwa kuwa ugeni wake huonekana waziwazi, humlazimisha atafute maana, na maana yenyewe akishaipata huwa ni moja popote atakapolikuta neno hilo. Yanayompotosha zaidi ni maneno mafupi aliyoyajua tangu madarasa ya mwanzo, kama vile "charge", "strong", "hard", "interest" na "positive", ambayo katika kila taaluma huambatana na maneno tofauti, na kwa kuambatana huko hubeba maana ambayo msomaji hakuitarajia wala hakuona sababu ya kuitafuta. Hoja ya sura hii ni kwamba maana ya neno la kawaida la Kiingereza hukaa zaidi katika mafungu ya maneno yanayotumika pamoja kuliko katika neno likiwa peke yake, kwamba kila taaluma ina mafungu yake, na kwamba anayetaka kuimudu taaluma yoyote kwa Kiingereza hana budi kuyasoma mafungu hayo kwa bidii ileile anayoitumia katika kusoma istilahi.

Uhusiano unaozungumziwa hapa ni mwandamano wa maneno, ambao baadhi ya wanaisimu huuita kolokesheni, yaani mazoea ya maneno mawili au zaidi kutokea karibu karibu mara nyingi kuliko ambavyo bahati peke yake ingeweza kuyakutanisha. Mwandamano hutofautiana na nahau, kwa sababu nahau kama "kula chumvi nyingi" ina maana isiyoweza kukisiwa kutokana na kula wala kutokana na chumvi, ilhali mwandamano kwa kawaida hueleweka mara unaposikika, ila hauwezi kubuniwa kwa usahihi na mtu ambaye hajawahi kuusikia. Kiswahili chenyewe kimejaa miandamano: watu hupiga kura, hupiga pasi, hupiga deki na hupiga picha, na hakuna chochote katika kura wala katika deki kinachodai kitenzi hicho isipokuwa mazoea ya wasemaji. Vivyo hivyo Mwingereza husema "heavy rain" pale Mswahili anaposema mvua kubwa, na anayesema "big rain" huenda akaeleweka, lakini msikilizaji atatambua papo hapo kwamba fungu hilo limeundwa kwa kutafsiri neno kwa neno.

Wazo lilivyokua

Uchunguzi wa miandamano ya Kiingereza ulianza kupata sura ya kitaalamu mbali sana na Uingereza, katika jiji la Tokyo, ambako Mwingereza Harold Palmer alikuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. Mwaka 1933 taasisi hiyo ilichapisha ripoti yake juu ya miandamano ya Kiingereza, iliyotokana na uzoefu kwamba wanafunzi wa Kijapani waliojua sarufi na maneno mengi bado waliandika sentensi ambazo hakuna Mwingereza angeziandika. Mwenzake, A. S. Hornby, aliuchukua uzoefu huo na kuujenga katika kamusi iliyotolewa Tokyo mwaka 1942, ambayo mwaka 1948 ilichapishwa tena na Oxford University Press na kuwa chimbuko la kamusi ya wanafunzi inayojulikana hadi leo kwa jina la Hornby. Wazo hili, kwa hiyo, lilitokana na mahitaji ya wageni wanaojifunza lugha, kwa maana mzawa hutumia miandamano bila kuiona, na mgeni huiona kwa sababu anakosea.

Mtu aliyeliingiza wazo hilo katika nadharia ya isimu ni J. R. Firth, aliyekuwa profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha London, ambaye katika maandishi yake ya mwaka 1951 na ya mwaka 1957 alishikilia kwamba sehemu ya maana ya neno ni maneno mengine ambayo neno hilo huandamana nayo. Mwanafunzi wake M. A. K. Halliday aliieleza hoja hiyo mwaka 1966 kwa mfano ambao umerudiwa katika vitabu vingi vya isimu tangu wakati huo: vivumishi "strong" na "powerful" vyote vinaelekeza kwenye nguvu, lakini Waingereza husema "strong tea" kwa chai iliyokolea majani na "powerful car" kwa gari lenye injini ya nguvu, na hawavibadilishi vivumishi hivyo katika mafungu hayo mawili. Kamusi inayotoa maana ya kila neno peke yake haiwezi kuieleza tofauti hiyo, kwa kuwa haitokani na chai wala na gari.

Baadaye John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, aliyeongoza utungaji wa kamusi ya COBUILD iliyotoka mwaka 1987, alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1991 alitofautisha kanuni mbili ambazo mtumiaji wa lugha huzifuata: kanuni ya uchaguzi huru, ambayo kwayo kila nafasi katika sentensi hujazwa na neno lolote linaloruhusiwa na sarufi, na kanuni ya mafungu, ambayo kwayo mtu huchota kutoka kichwani mafungu yaliyokwisha kuundwa na kuyatumia kama chaguo moja. Sinclair alidai kwamba kanuni ya pili ndiyo inayotawala sehemu kubwa ya matini za kawaida, na dai hilo lilibadilisha namna ya kuitazama lugha, kwa sababu kabla yake mafungu yalihesabiwa kuwa mambo ya pembeni ya sarufi.

Jinsi mwandamano unavyopimwa

Sinclair hangeweza kutoa dai la namna hiyo bila kongoo, yaani mkusanyiko mkubwa wa matini halisi uliohifadhiwa katika kompyuta kwa ajili ya uchunguzi wa lugha. Kongoo la kwanza la Kiingereza la aina hiyo lilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani na W. Nelson Francis na Henry Kučera, ambao walikusanya vipande 500 vya maandishi yaliyochapishwa Marekani mwaka 1961, kila kimoja kikiwa na maneno yapatayo 2,000, na hivyo kupata maneno milioni 1 kutoka aina 15 za maandishi, zikiwamo habari za magazeti, maandishi ya dini, ya sayansi na hadithi za kubuni. Kongoo la taifa la Uingereza, lililokamilika mwaka 1994, lina maneno milioni 100, ambayo asilimia 10 yake ni mazungumzo, na kongoo la Kiingereza cha Marekani lililoasisiwa na Mark Davies mwaka 2008 limevuka maneno bilioni 1. Jambo la msingi katika makongoo hayo ni kwamba matini zake zimepangwa kwa aina, kiasi kwamba mtafiti anaweza kuuliza neno fulani huandamana na nini katika magazeti, na kisha kuuliza swali hilohilo kuhusu maandishi ya kitaaluma.

Kuhesabu tu mara ambazo maneno mawili hutokea pamoja hakutoshi, kwa kuwa neno kama "the" hutokea karibu na kila neno jingine bila ya kuwepo uhusiano wowote maalumu. Mwaka 1990 Kenneth Church na Patrick Hanks walipendekeza kipimo kinacholinganisha idadi ya mara ambazo maneno mawili yamekutana na idadi ambayo ingetarajiwa kama maneno yangetawanyika kwa bahati. Chukulia kongoo la maneno milioni 1 ambamo neno la kwanza limetokea mara 1,000 na neno la pili mara 100. Kwa bahati peke yake, neno la pili lingetarajiwa kulifuata la kwanza kwa wastani wa mara 0.1, yaani pengine lisilifuate hata mara moja. Ikiwa hesabu halisi inaonyesha kwamba limelifuata mara 20, basi maneno hayo yamekutana kwa idadi iliyo mara 200 ya ile iliyotarajiwa, na mtafiti ana sababu ya kuamini kwamba kuna kitu kinachoyavuta pamoja. Kipimo hiki kina udhaifu wake, hasa kwamba huyapa uzito uliopita kiasi maneno adimu, na ndiyo maana watafiti hukitumia pamoja na vipimo vingine. Hata hivyo kimewawezesha kuyaona mazoea ambayo hata mzawa hawezi kuyataja akiulizwa.

Neno moja katika taaluma nyingi

Neno "charge" linaonyesha vizuri jinsi taaluma zinavyoligawana neno moja. Katika sheria huandamana na vitenzi "press", "bring", "face" na "drop", na mafungu hayo huhusu mashtaka: kufungua mashtaka, kukabiliwa na mashtaka na kuyafuta. Katika fizikia huandamana na "electric", "positive" na "negative", na hapo ni chaji, yaani ile sifa ya elektroni na protoni inayozifanya zivutane au zisukumane. Katika biashara hukutwa katika "service charge" na "free of charge", kwa maana ya tozo au malipo, na katika historia ya vita "cavalry charge" ni shambulio la askari wa farasi wanaokimbia kuelekea kwa adui. Kiswahili kimetenga maneno manne pale ambapo Kiingereza kinatumia moja, na kwa sababu hiyo Mswahili anayekutana na "charge" hana budi kutazama kwanza maneno yaliyo jirani kabla ya kuamua atumie lipi kati ya manne hayo.

Vivumishi "hard" na "soft" vinafundisha jambo jingine, kwamba maneno mawili yanayopingana katika maisha ya kila siku hayapingani kwa namna moja katika kila taaluma. Katika kemia, "hard water" ni maji yenye chumvi nyingi za kalisi na magnesi, ambayo huifanya sabuni isitoe povu kwa urahisi, na "soft water" ni maji yasiyo na chumvi hizo kwa wingi. Katika uchumi, "hard currency" ni sarafu inayokubalika katika biashara ya kimataifa kwa sababu thamani yake inaaminika, lakini "soft" huenda pia kwenye mkopo: "soft loan" ni mkopo wa masharti nafuu. Katika vinywaji, "soft drink" ni kinywaji kisicho na kilevi, kile ambacho Waswahili hukiita kinywaji baridi hata kikiwa hakijatiwa kwenye friji. Katika tiba "soft tissue" ni tishu laini kama misuli na kano, na tishu ngumu huwa ni mifupa na meno. Kivumishi kimoja cha Kiingereza kimepokewa kwa Kiswahili kwa laini, nafuu na baridi, na kila tafsiri imekuwa sahihi kwa sababu imefuata mwenzi wa neno badala ya neno lenyewe.

Hatari huwa kubwa zaidi pale ambapo maana ya kila siku inaonekana kutosheleza na kumbe haitoshelezi. Mwanafunzi wa kemia anayesoma "strong acid" hudhani ni asidi iliyokolea, kwa mfano wa "strong tea", lakini katika kemia fungu hilo lina maana ya asidi ambayo molekuli zake karibu zote huachana na kuwa ioni zinapotiwa katika maji. Asidi ya haidrokloriki ni "strong" hata ikizimuliwa kwa maji mengi, na asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki, hubaki "weak" hata ikikolezwa, kwa kuwa kukolea huelezwa na fungu jingine kabisa, "concentrated acid". Kivumishi hichohicho katika fizikia ya chembe huingia katika "strong interaction", kani inayozishikilia protoni na nyutroni ndani ya kiini cha atomu, na katika sarufi huingia katika "strong verb", kitenzi kama "sing" ambacho huunda wakati uliopita kwa kubadili irabu ya ndani na kuwa "sang".

Takwimu imelitendea neno "significant" jambo kama hilo. Katika gazeti, "significant change" ni badiliko kubwa au muhimu, lakini katika ripoti ya utafiti "significant difference" ni tofauti ambayo, kwa hesabu za uwezekano, ingekuwa vigumu kuipata kwa bahati kama kwa kweli hapakuwa na tofauti yoyote. Matumizi hayo yalienezwa sana na kitabu cha R. A. Fisher cha mwaka 1925 kuhusu mbinu za takwimu kwa watafiti, ambacho kilisaidia kukifanya kiwango cha 0.05 kuwa mpaka uliozoeleka. Tofauti ndogo isiyo na faida yoyote kwa mgonjwa inaweza kuwa "significant" ikiwa waliochunguzwa ni wengi mno, na mwandishi wa habari anayeitafsiri kuwa tofauti kubwa anawapotosha wasomaji wake ilhali kila neno alilolitafsiri analijua.

Katika hospitali, maneno ya kawaida hupata majukumu ambayo nje ya kuta zake hayana. "Positive", ambalo katika "positive attitude" husifu mtazamo wa matumaini, katika "positive result" hutangaza kwamba kile kilichokuwa kikitafutwa, mara nyingi kimelea au ugonjwa, kimeonekana. "Complain of", ambalo katika mazungumzo humaanisha kulalamika, katika faili la mgonjwa humaanisha tu kwamba ameeleza dalili fulani, na daktari anayeliandika hamlaumu mgonjwa kwa manung'uniko. Kitenzi "discharge" hutumika kwa mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, na nomino yake hutumika kwa majimaji yanayotoka kwenye kidonda. Mwanasheria hulitumia neno hilo kwa deni lililolipwa na mhandisi wa maji kwa ujazo wa maji yanayopita mtoni kwa sekunde. Katika kila fungu limebaki wazo la kutoa au kuachia, lakini wazo hilo ni jepesi mno kumsaidia msomaji ambaye hajajua ni nani anayezungumza na kuhusu nini.

Sheria ina tabia ya pekee ya kuyaunganisha maneno mawili yenye maana zinazokaribiana, kama katika "goods and chattels", "last will and testament" na "null and void". Sehemu ya asili yake ni historia: baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, mambo ya sheria yaliendeshwa kwa Kilatini na Kifaransa katikati ya wananchi waliosema Kiingereza, na ijapokuwa sheria ya mwaka 1362 iliagiza kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, Kifaransa kiliendelea kutumiwa na wanasheria kwa muda mrefu baadaye. Katika "goods and chattels" neno la kwanza ni la Kiingereza na la pili limetoka kwenye Kifaransa. Katika "will and testament" la kwanza ni la Kiingereza na la pili lina asili ya Kilatini. Jozi zenye maneno mawili ya asili ya Kifaransa, kama "null and void", zinaonyesha kwamba mazoea hayo yaligeuka kuwa mtindo uliojitegemea, na kwa kuwa nchi zilizorithi sheria za Uingereza, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, zilirithi pia lugha ya nyaraka zake, jozi hizo bado zinaandikwa katika mikataba na wosia za Afrika Mashariki.

Katika kompyuta, maneno ya watu yamehamishiwa kwenye mitambo. Programu hufanyiwa "run" au "execute", kazi iliyokwama ndani ya mtambo hufanyiwa "kill", na kazi inayozalisha kazi nyingine huitwa "parent" na inayozalishwa huitwa "child". Kitenzi "execute" katika ofisi ya wakili huandamana na "contract" na "will", kwa maana ya kukamilisha hati kwa kuitia saini inavyotakiwa, na katika habari za magereza huandamana na "prisoner", kwa maana ya kutekeleza hukumu ya kifo. Tafsiri inayolichukua neno hilo kutoka taaluma moja na kulipeleka nyingine inaweza kuleta kosa kubwa, na mfasiri mzoefu huepuka kosa hilo kwa kusoma nomino inayofuata kabla ya kukitafsiri kitenzi.

Je, upo msamiati mmoja wa kitaaluma?

Mwaka 2000 Averil Coxhead, akiwa New Zealand, alichapisha orodha ya familia 570 za maneno ambayo hutokea sana katika maandishi ya kitaaluma na ambayo hayamo katika maneno 2,000 ya kawaida kabisa yaliyoorodheshwa na Michael West mwaka 1953. Alitumia kongoo la maneno milioni 3.5 kutoka masomo 28 yaliyogawanywa katika makundi ya sanaa, biashara, sheria na sayansi, na akaonyesha kwamba orodha yake inachukua takriban asilimia 10 ya maneno ya matini hizo. Orodha hiyo imewasaidia walimu na wanafunzi wengi, kwa kuwa ilijibu swali la wapi pa kuanzia, na thamani yake haipungui kwa kuonyesha mipaka yake.

Mipaka hiyo ilionyeshwa mwaka 2007 na Ken Hyland na Polly Tse, waliochunguza maandishi ya sayansi, uhandisi na sayansi za jamii na kukuta kwamba maneno yaleyale ya orodha hutofautiana kwa maana na kwa wenzi kutoka taaluma moja hadi nyingine. Neno "strategy" katika biashara huandamana na "marketing" na kuhusu mbinu za kuuza bidhaa. Katika isimu tumizi huandamana na "learning" na kuhusu mbinu za mwanafunzi za kujifunza. Katika sosholojia huandamana na "coping" na kuhusu namna watu wanavyokabiliana na shida. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "strategy" ni mkakati amejifunza jambo la kweli, lakini bado hajui ataliandika pamoja na nini. Matokeo hayo yanaunga mkono hoja ya sura hii, kwamba orodha ya maneno hufungua njia ya kuingia katika taaluma, na mafungu ndiyo humwezesha mtu kufanya kazi ndani yake.

Hisia zinazoambatana na maneno

Miandamano hubeba hisia pia. Kitenzi "cause", ambacho kamusi hukieleza kuwa ni kusababisha, katika magazeti na maandishi ya kawaida huandamana sana na "damage", "problems", "death" na "pain", kiasi kwamba msomaji huanza kutarajia baya kabla hajalifikia neno linalofuata, ilhali "provide" huandamana zaidi na "help", "support" na "care". Bill Louw wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe ndiye aliyelipa jambo hili maelezo ya kina katika makala yake ya mwaka 1993, alipoonyesha kwamba fungu kama "bent on", linaloeleza nia iliyoshikiliwa, hufuatwa na mambo mabaya kama uharibifu, na kwamba mwandishi akilitumia kwa jambo jema msomaji husikia kejeli, hata kama mwandishi hakuikusudia. Susan Hunston aliongeza mwaka 2007 kwamba hisia hizo nazo hutegemea aina ya maandishi, kwa kuwa "cause" katika maandishi ya kisayansi hueleza uhusiano wa chanzo na tokeo bila kuhukumu. Mswahili atalitambua jambo hili akiulinganisha uzito wa kusababisha na ule wa kuwezesha, kwani maofisa husababisha hasara na huwezesha maendeleo, na anayegeuza vitenzi hivyo huzua maswali.

Kile ambacho mitambo imethibitisha

Ushahidi mwingine wa nguvu ya miandamano umetoka kwa wahandisi wa kompyuta, ambao walihitaji kuiwezesha mashine kutambua maana ya neno lenye maana nyingi. Mwaka 1993 David Yarowsky alionyesha kwamba, kwa maneno ya Kiingereza yenye maana mbili, neno lililo jirani huibainisha maana iliyokusudiwa kwa usahihi wa kati ya asilimia 90 na 99. Neno "plant", kwa mfano, likiwa karibu na "life" ni mmea, na likiwa karibu na "manufacturing" ni kiwanda, na mashine haihitaji kujua chochote kuhusu mimea wala viwanda ili kulibaini hilo. Mwaka 2013 Tomas Mikolov na wenzake katika Google walitoa mbinu ya kuliwakilisha kila neno kwa namba zinazotokana na maneno yanayolizunguka katika matini nyingi mno, na maneno yenye maana zinazokaribiana yakajikuta na namba zinazokaribiana. Programu za kisasa za kutafsiri na kuandika zimejengwa juu ya wazo lilelile la Firth, na hiyo ndiyo sababu hufanya vizuri katika lugha zenye matini nyingi kama Kiingereza na kuyumba katika lugha ambazo matini zake zilizokusanywa ni chache.

Wajibu wa walimu na watunzi wa kamusi

Kwa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili na kisha, anapoingia sekondari, hukutana na fizikia, kemia na uhasibu kwa Kiingereza kwa mara moja, hivyo kwamba anajifunza dhana na lugha yake katika kipindi kimoja. Mwalimu wa Kiingereza humfundisha "interest" kuwa hamu ya kitu, mwalimu wa uhasibu humtaka akokotoe "interest rate", ambayo ni kiwango cha riba, na mwalimu wa uraia humweleza "conflict of interest", ambao ni mgongano wa masilahi, na mara nyingi hakuna hata mmoja kati yao anayemwambia kwamba ni neno moja lililobadilisha wenzi. Mwanafunzi huyo akishindwa mtihani huambiwa hajui Kiingereza au hajui uhasibu, ilhali alichokosa ni kile kilichoachwa katikati ya vipindi viwili, kwa kuwa kila mwalimu alidhani mwenzake amekifundisha.

Kiingereza cha Afrika Mashariki chenyewe kimeanza kuchunguzwa kwa njia hii. Mradi wa kimataifa ulioanzishwa na Sidney Greenbaum wa Chuo Kikuu cha London mwanzoni mwa miaka ya 1990, wa kukusanya Kiingereza cha nchi mbalimbali kwa mpangilio mmoja, una kongoo la Afrika Mashariki lenye matini za Kenya na Tanzania, lililoandaliwa chini ya uongozi wa Josef Schmied wa Chemnitz, Ujerumani. Kwa upande wa Kiswahili, Arvi Hurskainen wa Helsinki aliongoza ujenzi wa kongoo linalowawezesha watafiti kuuliza maswali hayohayo kuhusu lugha hii. Zana hizi mbili zikitumika pamoja, zinaweza kuonyesha fungu gani la Kiingereza linalingana na fungu gani la Kiswahili katika kila taaluma, kazi ambayo orodha za istilahi zinazolinganisha neno kwa neno haziwezi kuifanya.

Kutokana na hayo yote, mambo matatu yanafuata kwa vitendo. Mwalimu wa kila somo linalofundishwa kwa Kiingereza ni mwalimu wa miandamano ya somo lake, kwa kuwa mwalimu wa lugha hawezi kuijua miandamano ya kemia na ya sheria kwa pamoja, na hivyo mwalimu wa kemia anapaswa kuandika ubaoni "strong acid" na "concentrated acid" bega kwa bega na kueleza kwa nini si kitu kimoja. Mwanafunzi anapoandika neno jipya katika daftari lake anapaswa kuliandika pamoja na kitenzi au nomino aliyolikuta nayo, na jina la somo alimolikuta. Watunzi wa kamusi za istilahi, kwa upande wao, wanapaswa kuyapa maneno mafupi ya kawaida nafasi kubwa zaidi kuliko maneno marefu ya kigeni, kwa sababu msomaji atalitafuta "photosynthesis" mwenyewe, na hataona haja ya kulitafuta "charge" mpaka litakapokuwa limekwisha kumpotosha.